Mpwa Wangu na Megahezi Zake

Kuna vijana hawawezi kuona kitu kinafanya kazi vizuri wakakiacha. Mmoja wao ni mpwa wangu, aliyekuja kwangu Sinza likizo ya Desemba, akafungua kompyuta yangu na kutangaza kwamba kadi ya picha iliyomo ndani, GTX 1060 ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, "imelala".

"Mjomba, hii imefungwa breki kiwandani. Kuna megahezi kibao humu zimekaa bure."

Nikamuuliza kwani zinaoza. Akanitazama kwa huruma.

Tiba ya usingizi huo ni programu ya bure iitwayo MSI Afterburner. Imetokana na RivaTuner, kazi ya Mrusi Alexey Nicolaychuk, na haichagui kadi ya kampuni gani. Ukiifungua unakuta vitufe vya kuvuta kushoto na kulia: kasi ya kadi, kasi ya memori yake, kikomo cha umeme, kikomo cha joto, feni. Balaa liko hapo. Mtu asiyejua kubadilisha fyuzi anavuta kitufe, tarakimu zinapanda, naye anajiona mhandisi.

Kumbe kadi haikulala. Tangu 2012 Nvidia wameziwekea kadi zao GPU Boost, inayopandisha kasi yenyewe kila joto na umeme vinaporuhusu. GTX 1060 huanzia megahezi 1506, ikafika 1708 na hata kuzidi, bila kuombwa na mpwa wa mtu. Anayekuja baadaye na Afterburner anagombea makombo.

Makombo hayo hupimwa kwa FurMark, programu inayochora pete nene yenye manyoya, ikawa inazunguka, basi. Haina adui wala bao. Kazi yake ni kuitesa kadi mpaka iseme ukweli. Kijana akaikodolea macho kama anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Feni ikanguruma hadi jirani akabisha hodi kuuliza ni nani anayesaga unga usiku huu. Kadi hiyo ikikaribia nyuzi 83 huanza kujipunguza kasi, na feni haitengenezi baridi. Inapuliza hewa iliyopo chumbani. Hewa ya Dar es Salaam mwezi wa Desemba mnaijua. Kijana aliongeza megahezi, jiji likazirudisha.

Faida ilikuwa picha tatu nne zaidi kwa sekunde kwenye GTA V. Hakuridhika, akahamia kwenye memori. Anga la mchezo likaota pembetatu za kijani. "Hizo ni kawaida, Mjomba," akasema, kisha akaweka alama ya tiki pale panapoiagiza programu irudishe mipangilio hiyo kila kompyuta inapowaka.

Kesho yake kamati ya harusi ya binamu yangu ilikutana sebuleni kwangu. Mimi ndiye katibu, na orodha ya michango imo kwenye kompyuta ile. Nikaiwasha. Windows ikafunguka, tiki ikatii, kioo kikawa cheusi. Windows huipa kadi iliyonyamaza sekunde 2 tu, ikishindwa kujibu inaianzisha draiva upya. Kioo kikawaka, kikazima, kikawaka. Mwenyekiti akauliza kama bajeti ndiyo inayokonyeza.

Mpwa wangu, jasho likimtiririka, akaiingiza mashine kwenye hali ya usalama, ambako Afterburner haijiwashi yenyewe wala draiva ya Nvidia haipakiwi. Orodha ikafunguka. Ila katika hali hiyo maandishi hutoka manene ajabu, na kioo kilikuwa kimeelekea wajumbe. Wote wakasoma, hata waliosahau miwani: Mwenyekiti, ahadi shilingi 500,000, taslimu 0. Mwenyekiti akakumbuka ghafla kwamba ana msiba Mbagala.

Habari ikamfikia mama mwenye nyumba. Wapangaji wote tunatumia LUKU moja, na aliposikia kuna kidude kinachoongeza umeme alikuja mwenyewe. Nikamweleza kwamba kadi nzima imepangiwa wati 120, wakati pasi hupita 1000. Hakuvutiwa na pasi. Akamgeukia kijana: "Mwanangu, hicho kinachopanda, hakishuki?"

Kijana akabaki kimya, maana kinashuka. Kikomo cha umeme huvutwa kushoto kama kinavyovutwa kulia. Akakiweka asilimia 70. Feni ikatulia, joto likapungua, na picha zilizopotea kwenye mchezo hakuna aliyeziona isipokuwa yeye, tena kwa kusoma namba.

Mama mwenye nyumba amefurahi mno. Sasa anamfuatafuata kijana amwekee programu hiyo kwenye sabufa ya mpangaji wa chumba cha uani.