Korosho Ambazo Hukuzila: Mwongozo wa Kupinga Bili ya Hoteli

Bili ya hoteli huja imekunjwa ndani ya jalada jeusi, kalamu juu yake, saa ile ile begi lako liko mlangoni na dereva anauliza kama bado. Hapo ndipo mtu mzima aliyebishana jana sokoni Kongowea kwa shilingi kumi za nyanya hulipa mia nane za korosho asizozionja, na kushukuru juu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, awe Mombasa, Malindi au Nairobi.

Vita hivi hupiganwa usiku wa kuamkia safari. Ukishakula chakula cha jioni, shuka mapokezi uombe kuiona bili ilivyo mpaka saa hiyo. Ni haki yako na wala si usumbufu. Mhudumu aliyekuletea maji ya ukwaju bado yuko zamu, karatasi za mkahawa bado ziko kaunta, na hesabu za siku hazijafungwa. Ukingoja asubuhi, shahidi wako amekwisha vuka feri, amelala kwao Likoni, nawe unababaika na treni ya Miritini.

Anza na salamu, tena kamili. "Habari za jioni, dada. Poleni na kazi." Kisha weka kidole kwenye mstari mmoja na useme, "Naomba unielezee hii." Usiseme "mmeniibia." Dada wa mapokezi hakuiandika bili hiyo, ameikuta kwenye kompyuta kama ulivyoikuta wewe kwenye jalada. Ukimgombeza atajitetea yeye, na korosho zitasahaulika. Ukimuuliza vizuri, ninyi wawili mtaikagua bili pamoja.

Halafu omba karatasi. Kila kinywaji cha mkahawani kinachopelekwa kwenye bili ya chumba huwa na karatasi ambayo mgeni ametia sahihi. Omba uione. Chumba 214 na chumba 241 hugeuzana kwa urahisi mno, na moja iliyoandikwa haraka husomeka saba. Tazama sahihi, tazama saa. Kama soda tatu ziliagizwa saa nne asubuhi nawe ulikuwa Fort Jesus, tiketi ya kuingilia inatosha kuwa ushahidi. Pasipo karatasi, deni halijathibitishwa. Sema hivyo kwa upole, kisha unyamaze. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu hawawezi kuvumilia ukimya, wakaanza kujieleza kama washtakiwa.

Friji ya chumbani inahitaji uangalifu wake. Wakati mwingine mgeni aliyekutangulia ndiye aliyekula, na upungufu ukagunduliwa wewe umo. Tena kuna friji zenye vihisio vinavyoandika deni pindi chupa inapoinuliwa, hata kama uliiinua usome bei ukairudisha. Dawa ni picha. Ukiingia tu, kabla ya kuvua viatu, fungua friji uipige picha, na upige pia picha ya yale maji ya bure mezani, kwa sababu chupa yake mara nyingi ni ile ile inayouzwa ndani ya friji.

Sasa kodi, ambapo fedha nyingi hupotelea. VAT ya Kenya ni asilimia 16. Ukiahidiwa chumba kwa shilingi 11,600 kodi ikiwa ndani, basi 1,600 kati ya hizo ni kodi tayari. Bili ikiongeza asilimia 16 juu ya 11,600 unadaiwa 1,856 zaidi, jumla 13,456, na umetozwa kodi juu ya kodi. Ndiyo maana ujumbe wa kuweka nafasi, wenye maneno "kodi zote zimejumuishwa", haufutwi mpaka ufike nyumbani. Tozo ya utalii ni asilimia 2. Ada ya huduma si kodi ya serikali. Sheria ya VAT haitozi kodi juu ya ada hiyo ikiwa haizidi asilimia 10 na inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja kama badala ya bakshishi. Kwa hiyo uliza kama inawafikia. Uliza kwa sauti ya kusikika, kwa sababu anayekubebea begi naye angependa jibu.

Wakikataa, muite meneja wa zamu. Lipa sehemu usiyoipinga, uandike kwenye bili mstari unaoupinga na sababu yake, kisha uondoke na nakala. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo kwa ajili hiyo hiyo. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kwa korosho pekee sikushauri uende huko. Kwa usiku mzima ambao hukulala hotelini, nenda.

Lipo jambo moja ninalokuomba usilipuuze. Kuna hoteli ambazo kitu kikifutwa kwenye bili ya mgeni, hukatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Ushindi wa namna hiyo ni dhuluma iliyohamishwa mfuko. Kabla hujamshukuru meneja, mwambie wazi kwamba unalalamikia hesabu ya hoteli, si mfanyakazi, na umuombe aandike kosa hilo kwa jina la hoteli. Kama aliyekuhudumia alikuhudumia vyema, liseme mbele ya mkubwa wake, umtaje jina.

Mwisho, usikubali kuambiwa "tutarekebisha" ukaenda zako. Subiri bili mpya ichapwe, na risiti ya kodi ya eTIMS itoke ikiwa na kiasi ulicholipa hasa. Ukilipa kwa M-Pesa, linganisha kiasi kilicho kwenye ujumbe na kilicho kwenye karatasi ukiwa bado umesimama kaunta. Dereva atapiga honi. Mwache apige.