Mjomba na Asilimia Ishirini

Bili ilikuwa dola 64, kodi ya mauzo dola 5.28, jumla dola 69.28. Mjomba, karani mstaafu wa bandari ya Tanga aliyekuja Houston kumsalimia mpwa wake, alitoa dola 70 taslimu, akamsogezea mhudumu na kumwambia kwa Kiingereza cha shule ya kati: chenji baki nayo, mwanangu. Senti 72. Kwao Tanga hizo ni zaidi ya shilingi 1,500, chai na vitumbua vyake, na mpokeaji angemwombea maisha marefu. Mhudumu alitabasamu kwa midomo, macho yakabaki palepale. Mpwa alikuwa ametangulia kuwasha gari. Alipohadithiwa ukarimu huo alizima injini, akarudi ndani mbio na noti ya dola 10 mkononi.

Kilichomkimbiza ni hesabu. Sheria ya shirikisho la Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25, nacho kimeganda tangu 2009. Pengo la dola 5.12 linatarajiwa kuzibwa na wateja. Lisipozibika, mwajiri anatakiwa aongeze mwenyewe. California na Minnesota zimekataa utaratibu huo, kule mhudumu analipwa kwanza kima kamili kisha bakshishi inakuja juu yake. Texas imebaki na 2.13 yake.

Mjomba alisikiliza yote njia nzima. "Yaani mwenye hoteli anaajiri, mshahara nalipa mimi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi na barua ya kuomba likizo aniandikie mimi."

Lalamiko hilo lina umri mkubwa kuliko Mjomba. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya Pullman iliwaajiri Weusi, wengi wao waliotoka utumwani, kuhudumia mabehewa yake ya kulala kwa ujira mdogo, ikijua abiria watamalizia. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph. Jimbo la Washington lilikuwa limekwisha kupiga marufuku bakshishi tangu 1909, na majimbo mengine kadhaa yakaliiga, lakini kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Ilipofika 1966, Bunge likaruhusu bakshishi ihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara wenyewe.

Wenyeji wa Houston wana njia yao ya mkato. Kodi ya mauzo mjini humo ni asilimia 8.25, izidishe mara mbili unapata 16.5, ongeza kidogo ufike 18 au 20, umetoka na heshima yako. Kanuni hiyo ilimfurahisha mtu aliyekula mshahara wa tarakimu miaka yote. Akaiandika nyuma ya tiketi ya ndege na kwenda kuijaribu supamaketi. Risiti ya unga, maziwa na mayai ikaonyesha kodi sifuri, kwa sababu Texas haitozi kodi hiyo kwenye vyakula vingi vya kwenda kupikia nyumbani. Sifuri mara mbili ni sifuri. Kijana aliyepanga vitu mifukoni hakuonekana kungoja chochote, wala Mjomba hakutoa chochote, wakaagana vizuri.

Kanuni ilivunjikia Killeen. Huko yuko mpwa mwingine, ambaye mumewe ni askari wa Fort Hood, na familia hununua vyakula katika duka la ndani ya kambi. Duka hilo halina kodi ya mauzo, ila risiti inabeba nyongeza ya asilimia 5. Mjomba aliiona, akaridhika kwamba kijana aliyepanga mifuko na kusukuma toroli hadi garini amekwisha kufikiriwa. Akampa mkono wa kheri na dua ndefu. Kumbe asilimia 5 ile, kwa sheria, ni ya kujenga na kukarabati maduka, na wapanga mifuko wa makambini hawapewi hata hiyo 2.13: hawana mshahara kabisa, wanategemea bakshishi tupu. Mkwewe, mtu aliyefunzwa kusimama wima mbele ya majenerali, aliinama ndani ya buti la gari na kuyapanga mayai upya kwa muda mrefu.

Tangu hapo Mjomba aliapa hatadaiwa tena. Ukoo ulipokutana kula, watu kumi na mmoja meza moja, aliinyakua bili ya dola 240, akaongeza asilimia 20 kwa kalamu nene. Hakuona mstari wa juu yake: mkahawa ulikuwa umekwisha kujiongezea asilimia 18, kama inavyofanyika sana kwa meza ya watu sita na kuendelea. Dola 43.20 za lazima, na 48 za Mjomba. Mhudumu aliwasindikiza mpaka mlangoni. Huenda hata sheria ilimpa sababu ya kufanya hivyo: kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028 mfanyakazi anaweza kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye pato linalotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, sharti ziwe zimetolewa kwa hiari. Zile 18 za lazima hazimo. Za Mjomba zimo, hata kama hiari yenyewe ilitokana na miwani iliyosahaulika nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi yuko upande wa Mjomba bila kusita, nalo ni kishikwambi cha kaunta ya kahawa. Umesimama foleni, umejichukulia kikombe, umejitilia sukari, kisha muuzaji anakigeuza kioo kikutazame: 18, 20, 25. Kitufe cha kukataa kiko chini, kidogo, kimekaa kama hakitaki kuonekana. Nyuma yako watu watano wanasoma kidole chako. Ni kama kadi ya mchango wa harusi isomwe kwa kipaza sauti, jina na kiasi. Mjomba alibonyeza 25 kwa kahawa ya dola 4, akatoka nje akiitukana dola ile kwa Kidigo.

Kusini-magharibi mwa mji alipata kinyozi wa kutoka Bukavu, Kiswahili kikatiririka, na lugha ikarudisha tabia za nyumbani. Bei ilikuwa dola 30. Mjomba akalia uzee, akalia safari, akalia nywele chache, mpaka ikashuka 25. Aliponyolewa akajitazama kwenye kioo, akalipa 25, kisha akachomoa noti ya dola 5 na kumtilia kinyozi mkononi.

"Papa," kinyozi akauliza, "sasa si ungeacha tu bei yangu?"

"Ile nilimpunguza mwenye saluni. Hii ni yako."

Kinyozi akamweleza kwamba kiti kile anakikodi mwenyewe, na kila dola inayopita pale ni yake. Mjomba akafikiri kidogo, akauliza kama inawezekana kuanza upya kwa 22.