Suhuba ya Dakika Mbili

Waandalizi wa Cape Epic, yale mashindano ya baiskeli za milimani yaliyoasisiwa Afrika Kusini mwaka 2004, ni wajuzi wa tabia za wanadamu. Kwani baada ya kuwafunga waendeshaji wawili wawili, mithili ya ng'ombe wa nira, kwa siku nane na masafa ya kilomita 600 na ushei, hawakuiamini suhuba yao hata chembe, bali waliitungia kanuni: wasiachane zaidi ya dakika mbili. Ndipo bwana mwenye mapafu mapana husimama kileleni akimsubiri sahibu yake kwa bashasha, jicho li saani. Naye sahibu, awasilipo ametapakaa vumbi, hushukuru kwa tabasamu la meno matupu. Jioni huulizana hali kwa adabu mno, maana kesho alfajiri nira ni ile ile.