Namna ya Kuuchora Mlima Kilimanjaro na Kufukuzwa Kihambani

Siku hizi mchoraji wa mandhari hana udhuru wa kujifungia ndani. Zamani rangi ya mafuta ilibebwa kwenye kibofu cha nguruwe, mpaka Mmarekani John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati mwaka 1841. Tia tyubu zako mkobani, panda daladala hapo Moshi mjini uelekee Machame au Marangu, kisha fuata hatua hizi.

1. Lala hadi ushibe. Mlima huonekana vizuri alfajiri, kabla mawingu hayajatanda, kwa hiyo wewe fika saa tano. Chora wingu. Mteja akiuliza kilele cha Kibo kiko wapi, mwambie kiko humo humo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari.

2. Ingia kihamba cha watu, yaani shamba la ukoo, bila hodi. Pita katikati ya migomba, simamisha stendi yako ya miguu mitatu, fumba jicho moja, nyoosha brashi na upime. Muda si mrefu ukoo utakuwa umekuzunguka, maana mpima ardhi naye huanza hivyo hivyo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kati ya wanangu, nani amekutuma?"

"Sijatumwa, babu. Nachora mlima."

"Mlima uko kule. Mbona unatazama mpaka wangu?"

3. Masale yakikuziba, yang'oe. Ni majani tu, ingawa Wachagga huyapanda kuonyesha mpaka wa kihamba. Jani hilo hilo ndilo hupelekwa kwa uliyemkosea kumwomba radhi, kwa hiyo utakuwa umeng'oa mpaka na msamaha wako kwa mkupuo mmoja.

4. Suuza brashi kwenye mfongo. Mababu walichimba mifereji hiyo kwa jasho, wakaleta maji kutoka mtoni hadi vihambani, na wakapangiana zamu za kuyatumia. Tapentaini yako haitangoja zamu. Kina mama wa chini watakufahamu kabla hujatia sahihi kwenye picha.

5. Safisha mandhari. Ondoa mabati, nguzo za umeme, bodaboda na yule mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe. Kahawa iliyo chini ya kivuli cha migomba haiuziki kwa watalii. Ing'oe kwa brashi, upande twiga wawili na tembo. Usijiulize watakula ndizi za nani.

6. Ongeza theluji. Tangu mwaka 1912 barafu ya kileleni imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake. Wataalamu wanaumiza vichwa, kumbe dawa ni tyubu moja ya rangi nyeupe.

Ukizifuata hatua zote, picha yako itapata mnunuzi, nawe utapata kesi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Asiyetaka kesi aamke mapema, apige hodi, aamkie wakubwa, na aeleze shughuli yake kabla ya kukunjua stendi. Akikaribishwa mbege, ile pombe ya ndizi, aonje. Kisha achore kilichopo: mabati, kahawa, mfongo, na wingu likija. Akimaliza, amwonyeshe mwenye kihamba kabla ya mtalii. Mzee asipoliona shamba lake humo, picha hiyo ni kalenda tu.