Jinsi ya Kukosa Kazi ya Serikali kwa Heshima

Sogea karibu, mdogo wangu, nikwambie taratibu. Wengi watakufundisha kupata kazi ya serikali. Mimi nakufundisha kuikosa. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, kwa hiyo kukosa ndiyo shughuli ya walio wengi, na shughuli ya wengi haifai kufanywa hovyo. Kuna kukosa kunakomwacha mtu amesimama. Kuna pia kukosa kunakochelewa miaka kumi na mitano, kukamkuta na mkopo wa benki, watoto shuleni na nyumba iliyofika kwenye linta. Nakupa hatua nane za kuchagua kule kwa kwanza.

Hatua ya 1: Kiri unachokitaka

Usiniambie unataka kulitumikia taifa tu. Unataka kitambulisho chenye kamba shingoni. Unataka mjomba akutambulishe harusini, "Huyu yuko halmashauri." Unataka mshahara usiojali kama duara, shimo letu la dhahabu, limetoa au limekauka. Sikulaumu. Hapa Makongolosi, wilayani Chunya, tunaishi kwa dhahabu ya Lupa tangu enzi za mkoloni. Jumamosi mtu anainunulia meza nzima nyama choma, Jumatano anakopa unga. Aliyekulia hapo akatamani mwisho wa mwezi wenye tarehe ana akili timamu. Ila ijue tamaa yako ya sifa kabla muuza vyeti hajaijua. Huyo hupanga bei kwa kuitazama shingo yako inavyoililia ile kamba.

Hatua ya 2: Pima cheti kama dhahabu

Hakuna broka wa hapa anayenunua punje kwa kutazama rangi. Ataisugua kwenye jiwe, ataidondoshea asidi, ataipima uzito hewani kisha ndani ya maji. Ukimwambia "niamini, kaka," ndiyo kwanza anavuta mizani karibu. Sasa nieleze: kwa nini mtu wa mji huu huu akubali kununua cheti usiku, kwa laki kadhaa, bila kuuliza swali hata moja?

Cheti nacho kina jiwe lake la kupimia, nalo ni namba ya mtihani. Kwa aliyesoma shuleni huanza na herufi S, kwa mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Inafuata namba ya shule au kituo, namba ya mtahiniwa, na mwaka. Namba hiyo imekaa kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani, NECTA, pamoja na alama ya kila somo. Fundi wa steshenari anaweza kuiga karatasi, rangi, hata muhuri. Kumbukumbu za NECTA hazigusi. Mwajiri akipeleka orodha, jibu linarudi namba kwa namba. Kabla hujatoa shilingi, jiulize swali la broka: hiki kikitiwa asidi, kitabaki nini?

Hatua ya 3: Kariri hesabu ya 2017

Hesabu hii iweke kichwani kama namba ya simu ya mama. Uhakiki wa vyeti vya watumishi ulianza Oktoba 2016. Tarehe 28 Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Angellah Kairuki, wakati huo Waziri wa Utumishi, alimkabidhi Rais John Magufuli ripoti. Walihakikiwa watumishi 400,035 kwa vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu. Waliokutwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Wenye vyeti pungufu, 11,596. Vyeti 1,538 vilikuwa vinatumiwa na watu 3,076. Gawanya mwenyewe uone, kila cheti kilikuwa na mabwana wawili. Walioghushi wakapewa hadi 15 Mei waondoke wenyewe. Atakayebaki angekutana na Kanuni ya Adhabu, ambayo kwa kosa la kughushi inafika kifungo cha miaka saba.

Humo walikuwemo walimu, wauguzi na madereva wa miaka mingi. Wapo ambao ujuzi wao wa chuoni ulikuwa wa kweli kabisa. Uongo ulikuwa kwenye mlango wa kidato cha nne walioingilia. Mgonjwa aliyechomwa sindano na mikono ile alipona kweli. Hilo linaniuma mpaka leo, maana tulipoteza mikono iliyokuwa inajua kazi kwa sababu ya karatasi ambayo wenye mikono hiyo wangeweza kuipata kwa haki wakiwa bado vijana.

Uhakiki uliendelea na idadi ikapanda. Oktoba 2022 Profesa Joyce Ndalichako, waziri mwenye dhamana ya kazi na aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa NECTA, alitangaza kwamba watu 14,516 walioondolewa watarudishiwa michango waliyokatwa wenyewe kwenye mishahara, jumla shilingi bilioni 46.8. Mchango wa mwajiri haukuwamo. Gawanya tena: wastani ni kama milioni tatu na laki mbili kwa mtu. Miaka yote ile ya kazi, na mwisho wake ni bei ya pikipiki. Na usidhani kuvuka mpaka kunasaidia. Kenya, tume yao ya kupambana na rushwa huwafuata mahakamani wenye vyeti bandia ikidai warudishe mishahara waliyokwisha kula.

Hatua ya 4: Usiazime jina

Hii inawanasa hata watu wema. Mtoto alifeli darasa la saba, mzazi akamrudisha shule kwa jina la mtoto mwingine. Akasoma kwa bidii, akafaulu kwa akili yake mwenyewe, akawa mtu mzima anayejibu jina lisilo lake. Matokeo ni yake, jina ni la mwingine. Kama ndiwe huyo, pole sana; ulibebeshwa mzigo hujui hata kusoma risiti. Nenda kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria ukiwa na ukweli wote, na uende kabla hujajaza fomu ya ajira.

Kama tatizo lako ni dogo, yaani herufi iliyorukwa, jina la babu lililoachwa, au jina la ndoa, lisafishe leo. Pitia mstari mmoja mmoja: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha NECTA, cheti cha chuo. Panapotofautiana, hati ya kiapo inaweza kueleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Aliyebadili jina kabisa anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Siku ya usaili si siku ya kuanza kueleza ukoo.

Hatua ya 5: Taja darasa lako bila kulipandisha cheo

Sasa hapa ndipo siri yangu kubwa. Serikali iliweka kwamba anayeajiriwa kuanzia tarehe 20 Mei 2004 awe na elimu ya kidato cha nne. Mwaka 2017 watumishi wa darasa la saba nao wakaondolewa, wakiwemo walioingia kazini kabla ya tarehe hiyo. Vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele, wabunge wakapiga kelele, na Aprili 2018 Serikali ikatangaza bungeni kuwarudisha wale walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo.

Soma tena polepole. Darasa la saba la kweli lilirudi kazini. Kidato cha nne cha uongo hakikurudi. Yule wa darasa la saba alikuwa na tarehe ya kuajiriwa, barua yenye elimu yake halisi, na chama cha kumsemea. Mwenye cheti cha kununua, hata chama chake kilikosa pa kuanzia. Ukweli mfupi una mahali pa kushika ukivutwa. Uongo mrefu ukivutwa unakuja wote.

Hatua ya 6: Pita njia za mkato zilizopo

Unapenda njia ya mkato? Hata mimi. Zipo, na zina lami kama barabara ya Chunya.

Kama uliishia darasa la saba, kuna Mtihani wa Maarifa wa NECTA. Ukiufaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila kukaa sekondari miaka minne ukiwa na ndevu. Unachimba mchana, unasoma jioni, Novemba unaingia chumba cha mtihani. Ukifeli somo, unalirudia. Cheti ni chako, haijalishi ulikuwa na umri gani.

Kama wewe ni fundi uliyejifunza kwa kushika, VETA ina utaratibu wa kumpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini na kumpa cheti cha kiwango chake: mwashi, seremala, fundi magari. Karatasi inakufuata ulipo badala ya wewe kuanza upya.

Kama ulisoma Zambia au Malawi, jambo la kawaida kwetu wa karibu na mpaka, peleka vyeti vyako vihakikiwe mapema: vya sekondari NECTA, vya ufundi NACTVET, vya chuo kikuu TCU. Watu wenye elimu ya kweli hukosa kazi kwa kungoja tangazo ndipo waanze kutafuta nauli.

Na njia fupi kuliko zote ni kusoma tangazo. Soma sehemu ya sifa kama unavyosoma mkataba wa duara. Kazi ya udereva, kwa kawaida, inataka kidato cha nne na leseni ya daraja C au E iliyotumika mwaka mmoja bila ajali. Leseni nzuri peke yake haitoshi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hurudia kila mara kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda. Vinatakiwa vyeti kamili. Bado watu wanapakia hati ya matokeo kwenye mfumo wa maombi, kisha wanamlaani mchawi wa kijijini.

Hatua ya 7: Ukionewa, gombana, ila chagua mlango

Kukosa kwa heshima si kunyamaza. Mashine hukosea, na maofisa hukosea. Jina lako laweza kufananishwa na la mwingine, au sifa yako iliyo sawa na inayotakiwa ikasomwa kuwa pungufu. Basi gombana, lakini kwa karatasi.

Kama hujaajiriwa bado, andika kwa Sekretarieti ya Ajira ukiambatisha tangazo, vyeti na jibu ulilopewa, na uombe sababu kwa maandishi. Ukitaka Mahakama Kuu iupitie uamuzi, kibali cha kufungua shauri la namna hiyo huombwa ndani ya miezi sita. Miezi hiyo inakwisha haraka kuliko akiba ya mvua ya mwisho.

Kama ulikuwa mtumishi ukafukuzwa, siku zako ni 45 za kukata rufaa kwenye mamlaka ya rufaa, na kwa watumishi wengi hiyo ni Tume ya Utumishi wa Umma. Usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa sababu rafiki yako wa kampuni ya binafsi alishinda kule. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta Tanzania na mtumishi wake, ilisema watumishi wa umma wamalize kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Wapo waliokuwa na haki mkononi wakaipoteza kwa kugonga mlango usio wao mpaka siku zikaisha. Hilo ndilo kosa ninalotamani sana ulikwepe.

Na kabla ya kugombana, jiulize mara ya mwisho lile swali la broka. Mahakamani pia kuna asidi.

Hatua ya 8: Kama umeshaingia na kisicho chako, toka kwa miguu yako

Labda unasoma haya na kamba ipo shingoni. Sikuhukumu; najua ulikuwa na njaa na miaka ishirini na mmoja. Lakini kila cheo kipya kinafungua faili, na kila mfumo mpya wa serikali unaulizana na wenzake. Mtafute wakili kwanza, umweleze yote, ndipo uandike barua. Anayetoka mwenyewe anaagwa na wenzake kwa soda na keki. Anayetolewa husomwa jina lake kwenye orodha, na orodha huwafikia watoto shuleni kabla ya jioni.

Ukitoka, usijifiche Dar es Salaam. Rudi nyumbani. Mji huu haujawahi kumuuliza mtu duara lake la mwaka jana lilitoa nini. Unamuuliza anachimba wapi sasa.

Baada ya hapo

Siku orodha ya waliochaguliwa itakapotoka, itafute kwenye simu, isome mpaka chini, uhakikishe haumo. Kunywa chai yako, usimkaripie mtu. Kisha chukua vyeti vyako, hata kama ni kimoja, hata kama kina D nne na F nyingi, uvifunge kwenye nailoni visipate vumbi la karasha la kusagia mawe, uvirudishe sandukuni. Andika pembeni tarehe ya kujisajili mtihani ujao. Namba iliyo kwenye kile cheti ni yako, na Dodoma wakiiuliza, itaitika jina lako.