Landrova, Kuku na Sufuria ya Pilau

Siku niliyoiona kwa mara ya kwanza nilikuwa natoka mazikoni, ndani ndani huko Korogwe, na mke wangu mpaka leo anasema hiyo peke yake ilitosha kuwa onyo. Ilikuwa Landrova 109, pikapu, chini ya mfenesi, pembeni mwa shamba la mkonge lililokwisha kugeuka pori. Rimu zimezama ardhini. Mpera umeota panapokaa mizigo. Kwenye kiti cha dereva alikuwa ameketi kuku mwekundu, ananitazama kama dereva aliyesimamishwa na trafiki bila kosa.

Mwenye gari alikuwa mzee aliyeendesha magari ya shamba lile tangu ujana wake. Kisa chake kilikuwa kifupi. Kamba za nailoni zilishika soko, bei ya mkonge ikaanguka, mishahara ikawa ya ahadi, na siku ya kuachishwa kazi akapewa gari badala ya fedha. Aliliendesha mpaka likakata shafti ya nyuma, maradhi ya kuzaliwa ya Landrova za zamani, akaliacha palepale lilipofia. Tulipatana shilingi laki sita. Akaongeza sharti moja: kuku asibughudhiwe, kwani ndiyo kwanza ameanza kuatamia. Basi mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikalipa fedha taslimu kisha nikangoja siku 21 vifaranga watotolewe ndipo nikachukue mali yangu.

Nyumbani Tanga nilikuwa sijasema neno. Zile laki sita zilikuwa za tangi la maji. Lori lilipoishusha Landrova uani, kamba ya kuanikia nguo ikakatika na njia ya chooni ikabaki ya kupita upande upande. Mke wangu alitoka jikoni na upawa mkononi, akaizunguka mara moja kamili.

"Baba watoto," akasema, "tangi lenyewe ndilo hili?"

Nikaona nimwelimishe. Nikamweleza kwamba Waingereza walianza kuunda magari haya mwaka 1948, chuma kikiwa cha mgao baada ya vita, ndiyo sababu bodi yake ikafanywa ya alumini. Nikaigonga boneti kwa kidole. "Haioti kutu hii, mama. Ni alumini tupu, kama sufuria zako." Mpumbavu ni mdomo wake.

Fundi alikuja siku ya pili, mzee wa gereji za zamani asiyependa haraka. Alitazama shoo ya mbele, ya waya, akatazama taa zilizo kwenye madigadi badala ya kukaa katikati karibu na rejeta, akasema hii ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au mwanzoni mwa 1970. Nikamwambia habari ya kutokuota kutu. Hakujibu. Alijilaza chini, akaigonga chesisi kwa nyundo, na nyundo ikaingia ndani. Bodi ni alumini, chesisi ni chuma, na upepo wa pwani hauchagui. Hata pale alumini ilipogusana na chuma ilikuwa imeoza ikawa unga mweupe. "Umenunua koti," Fundi akasema, "mwenye koti ameshakufa."

Kuchomelea chesisi kulikula miezi minne na mambo mengine nisiyotaka kuyahesabu hadharani. Nitataja kabureta tu, kwa kuwa ndiyo iliyoleta kesi. Niliilowesha kwenye petroli usiku, ndani ya chombo nilichokipapasa gizani. Asubuhi kikaoshwa kwa haraka, kikapikiwa uji. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini kwa adabu zote za Kitanga, akauliza kama siku hizi nyumba hii inakoroga uji kwa mafuta ya taa. Jioni mke wangu alijifunga kanga ambayo maneno yake sitayarudia hapa. Alipita nayo mbele yangu mara tatu, na mara zote akanipa mgongo ili nisome vizuri.

Siku ya kuwasha injini Fundi alichelewa. Betri ilikuwa dhaifu, ila gari hizi zina hendeli ya kuzungushia mbele, na mimi nina mikono. Nyaya za plagi nilikuwa nimezirudisha mwenyewe, moja, mbili, tatu, nne, kama wanafunzi kwenye mstari. Kumbe injini ile hupiga moja, tatu, nne, mbili. Nikazungusha. Mlio uliotoka kwenye ekzosi ulimwamsha mtoto wa jirani na kukata dua ya mama mkwe katikati. Nikazungusha tena, safari hii nimeikumbatia hendeli kwa dole gumba, jambo ambalo kila taniboi wa zamani alikatazwa siku ya kwanza ya kazi. Injini ikapiga teke, hendeli ikarudi kinyume. Kifundo cha mkono kilivimba kama andazi. Mke wangu alinikanda kwa mafuta ya karafuu, akanifunga kitambaa, hakusema kitu. Ningefurahi zaidi kama angesema.

Injini ilikuja kuwaka kwa mkono wa Fundi, siku tatu baada ya Idi. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikatulia na kunguruma kwa ule mlio wa polepole ninaoukumbuka tangu utoto. Nikakaribia kulia. "Haya, lete boneti tufunge," Fundi akasema.

Boneti nilikuwa nimeiegemeza ukutani karibu na mlango wa choo. Haikuwepo.

"Lile bati?" mke wangu akauliza kutoka jikoni. "Si ulisema ni sufuria?"

Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amepita wiki moja kabla ya Idi. Alumini ina bei nzuri kwa kilo kuliko chuma, na mizani haikumdhulumu mke wangu. Akaongezea chenji yake, akanunua sufuria kubwa ya kusubu, ileile iliyopika pilau ya sikukuu niliyoisifu mbele ya wageni. Fundi aliomba kuiona. Akaigonga, akasikiliza kwa muda, akasema: "Ni yenyewe. Mlio huu naujua."

Sasa gari linatembea. Lita moja ya petroli haifiki mbali, lakini kila Jumamosi linatuletea maji ya madumu ishirini, maana tangi bado. Injini iko wazi, na mvua ikianza natelemka kuifunika kwa turubai. Msomaji mwenye boneti ya 109 asiyoihitaji, niko tayari kubadilishana kwa sufuria inayoingia kilo tano za mchele. Ila aje azungumze na mke wangu mwenyewe, mimi sitakuwepo.