Sifa za Divai ya Bei Rahisi

Waacheni Wafaransa na Bordeaux zao, zile zilizopangiwa madaraja mwaka 1855, zinazolazwa chini ya ardhi kwenye baridi ya nyuzi 12 au 13 mpaka mwenye nyumba afe na watoto wagombanie urithi. Sisi wa Nyunzu, huku Kongo, tunayo divai nyekundu ya bei rahisi, na sina budi kuisifu mimi, maana hakuna mwingine atakayejitolea.

Kwanza haidai pango. Inakaa juu ya kabati, karibu na bati, mahali ambapo saa nane mchana hata mshumaa unainamisha kichwa. Wajuzi husema joto likipanda nyuzi 10, mambo ya ndani ya chupa hukimbia karibu mara mbili. Piga hesabu basi. Uzee anaoungoja Mfaransa miaka na miaka, sisi tunaupata kabla mahindi hayajakauka shambani. Unanunua chupa Noeli, Pasaka unafungua divai ya babu. Kwamba imegeuka rangi ya matofali na inanuka zabibu zilizochemshwa, ajabu iko wapi? Mzee gani amebaki na rangi ya ujana?

Msinicheke. Divai ya kisiwa cha Madeira ilijulikana kwa njia hiyo hiyo: mapipa yalipakiwa merikebuni, yakavuka nchi za joto, yakarudi yamepikika, na walioonja wakasema yamewashinda ndugu zao waliobaki nyumbani. Baadaye wenyewe wakajenga vyumba vya kuipasha moto makusudi. Wao wanalipia kuni, sisi tunapewa na bati bure. Ni kweli yao hutiwa pombe kali isiharibike, lakini mwenye kusifu halazimiki kusema yote.

Mara moja moja hutupenyea chupa ya Dodoma, ya zabibu za Makutupora, kule wanakovuna mara mbili kwa mwaka. Hiyo ndiyo msomi kati ya divai zetu. Reli ya Kati mpaka Kigoma, ziwa mpaka Kalemie, kisha inakabidhiwa reli yetu, iliyofika ziwani mwaka 1915 na ambayo tangu hapo haijaona sababu ya kuharakisha. Treni ikilala porini, divai inaendelea na masomo, na karo halipi mtu. Siku moja sokoni nilimwambia muuzaji, kwa heshima zote, "Mama, hii imezeeka." Akaniangalia, akaigeuza chupa, akafuta vumbi kwa kitenge. "Basi tata, nakupunguzia." Ng'ambo uzee unapandisha bei, kwetu unaishusha. Nionyesheni Bordeaux yenye unyenyekevu huo.

Kuifungua nako ni ibada. Kizibo kikavu kinamomonyoka, unasukumia mabaki ndani kwa mpini wa kijiko, unachuja kwa kichujio cha chai. Mdomo wa kwanza unakaza ulimi kama ndizi mbichi. Wa pili, pamoja na bukari na dagaa wa ndakala, unasamehe. Wa tatu shemeji anaanza kuimba, nawe unammiminia bila moyo kudunda, jambo lisilowezekana kwa chupa iliyokugharimu mshahara. Lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, nayo ina wapenzi wake, siwagusi, ila lutuku haizeeki. Anayeinywa ndiye anayezeeka kwa niaba yake.

Bado sijafika kwenye fadhila yake kuu. Bordeaux ikichacha ni msiba wa ukoo. Yetu ikiachwa wazi mezani, hewa inaingia, na vile vijidudu alivyovichunguza Louis Pasteur miaka ya 1860 vinashika kazi; wiki chache tu, ni siki. Hapo inapandishwa cheo kwenda jikoni, kwenye saladi ya vitunguu na juu ya samaki mukebuka wa kukaanga. Yaya wangu, ambaye ni mlokole na hajawahi kugusa pombe, ndiye siku hizi ananiuliza kila Jumapili kama sijasahau kuziba chupa nyingine.